Abraham de Moivre, mkimbizi aliyepima bahati

Abraham de Moivre alizaliwa mwaka 1667 huko Vitry-le-François, Ufaransa, katika jamaa ya Waprotestanti. Chuo cha Kiprotestanti cha Sedan alikosoma kilifungwa na serikali. Mwaka 1685 mfalme Louis XIV akafuta Amri ya Nantes, iliyowalinda Waprotestanti tangu 1598. Makanisa yakabomolewa, wachungaji wakafukuzwa. Miaka michache baadaye kijana huyo alikuwa London pamoja na ndugu yake. Sisi wa mashariki hatuhitaji kuelezwa maana ya kufika mji wa wageni mikono mitupu.

Alitafuta mkate kwa kufundisha hesabu nyumba kwa nyumba. Alipopata kitabu kikubwa cha Newton, alichana kurasa zake, akazitia mfukoni, akazisoma njiani kati ya mwanafunzi na mwanafunzi. Mwaka 1697 alipokelewa katika Royal Society. Lakini kazi ya kudumu ya chuo kikuu hakuipata kamwe.

Tunapenda watu waielewe kazi yake ya 1733. Ukirusha sarafu mara 3600, unangojea kichwa mara 1800. Haitakuwa 1800 kamili. Basi itapungua au kuzidi kwa kiasi gani? Kuhesabu njia zote kwa mkono ni kazi isiyokwisha. De Moivre aligundua kwamba hesabu hizo zinafuata mstari wenye umbo la kengele, na kwa mstari huo akapata jibu: katika nafasi 100, karibu 68 ni za kupata kati ya 1770 na 1830.

Ile 30 ni nusu ya 60, na 60 ni kipeuo cha pili cha 3600. Ukirusha mara 100 tu, tofauti ni 5, yaani 5 kwa mia. Kwa 3600 haifiki hata 1 kwa mia. Umerusha mara 36 zaidi, kosa likapungua mara 6 tu! Hata leo anayeuliza watu wachache ili kujua hali ya kundi zima hupima kosa lake kwa njia hiyo, mradi amewachagua kwa kura, si majirani zake tu.

De Moivre aliona katika utaratibu huo mpango wa Muumba. Wengine watasema hapo alivuka mpaka wa hesabu, sisi hatumlaumu.

Alizeeka maskini. Mwaka 1754 Akademia ya Sayansi ya Paris ilimchagua, mzaliwa wa Ufaransa, kuwa mshiriki wa kigeni. Alifariki London mwezi wa Novemba mwaka uleule, akiwa na miaka 87.