Mwalimu, Shahidi wa Mfufuka

Julius Nyerere alibatizwa mwaka 1943, akiwa na miaka 21. Mwaka 1955 aliacha ualimu Pugu, na mshahara wake, ili aitumikie TANU. Nyumba yake ya Magomeni, sasa makumbusho, ni ya kawaida kabisa; ukipita na daladala huenda usigeuze shingo. Alipokuwa Rais aliishi Msasani, na Misa ya kila siku hakuiacha.

Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilipoanza mchakato wa kumtangaza mwenye heri, wapo waliouliza: na vijiji vya ujamaa je? Swali ni halali. Watu walihamishwa kwa nguvu, nasi hatufichi. Ila waliotumwa kutangaza Ufufuko ndio wale wale waliomkimbia Bwana Gethsemane.

Sisi waseminari tunavutwa zaidi na kazi yake ya uzeeni. Mwaka 1996 Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho walichapa tenzi zake za Injili nne na Matendo ya Mitume. Aliyeiongoza nchi zaidi ya miaka 20 alikaa akihesabu mizani, ili habari ya kaburi tupu ighanwe kwa Kiswahili. Miaka mitatu baadaye, tarehe 14 Oktoba, alifariki London, akazikwa kwao Butiama.