Frederick Banting: Daktari aliyekosa wagonjwa, akaja kuipa dunia insulini

Januari 11, 1922. Katika wodi ya Hospitali Kuu ya Toronto, Kanada, amelala mvulana wa miaka 14 anayeitwa Leonard Thompson. Ana kilo 29 tu. Kisukari kimemmaliza, na kila mtu pale wodini anajua mwisho wake.

Siku hiyo anachomwa dawa ambayo haijawahi kutumika hivyo kwa mgonjwa: mililita 15 za majimaji ya kahawia yaliyotoka kwenye kongosho la ng'ombe, nusu tako hili, nusu tako lile.

Dawa ikagoma. Sukari ilishuka kidogo tu, na sehemu aliyochomwa ikafanya jipu. Madaktari wakasimamisha sindano.

Aliyekuwa na wazo la dawa hiyo ni Frederick Banting. Kama unasomea uuguzi, jina lake umeshakutana nalo darasani. Ila kilichotokea kati ya sindano ile iliyoshindwa na ile iliyofuata ndicho kitu cha kuondoka nacho leo.

Mtoto wa mkulima

Banting alizaliwa Novemba 14, 1891 kwenye shamba karibu na mji wa Alliston, jimbo la Ontario. Akasomea udaktari Chuo Kikuu cha Toronto, kisha akapelekwa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1918 alijeruhiwa mkono huko Ufaransa, na baadaye akatunukiwa nishani ya ushujaa.

Vita vilipoisha akafungua kliniki yake London. Sio London ya Uingereza, ni mji wa Kanada wenye jina hilo hilo. Ilikuwa Julai 1920. Basi akakaa, akasubiri. Karibu mwezi mzima ukapita kabla ya mgonjwa wa kwanza kugonga mlango. Mapato ya mwezi ule yalikuwa dola 4.

Ili maisha yaende, akaanza kufundisha chuoni kwa muda. Usiku mmoja mwishoni mwa Oktoba alikuwa akiandaa somo kuhusu jinsi mwili unavyotumia sukari, akasoma makala moja ya kitabibu kuhusu kongosho. Usingizi ukakata. Akaamka usiku wa manane na kuandika wazo kwenye daftari: funga mirija ya kongosho la mbwa, subiri sehemu inayotengeneza vimeng'enya ife, halafu toa kile kinachobaki.

Maabara, mbwa na ugomvi

Wazo lile alilipeleka kwa Profesa John Macleod wa Toronto. Profesa hakushawishika sana, maana wengine walishajaribu na kushindwa. Hata hivyo akampa maabara, mbwa wa majaribio, na mwanafunzi wa kumsaidia, Charles Best, kijana wa miaka 22.

Walianza Mei 1921. Walimtoa mbwa kongosho ili apate kisukari, kisha wakamchoma dondoo yao. Mwishoni mwa Julai, sukari ya mbwa ikaanza kushuka.

Kumbe ile kazi ngumu ya kufunga mirija haikuwa ya lazima. Baadaye waligundua kwamba kongosho la ng'ombe kutoka machinjioni, likiloweshwa kwenye pombe kali, linatoa dawa ile ile. Yaani wazo la usiku ule lilimfikisha Banting mlangoni, lakini lenyewe halikuwa sahihi lote.

Desemba akaongezwa mtu wa nne, mkemia James Collip, kazi yake ikiwa ni kuisafisha dawa. Uhusiano wake na Banting ukawa mbaya, na inasimuliwa kwamba Januari 1922 nusura wapigane mle mle maabara.

Sasa turudi kwa Leonard. Siku 12 baada ya sindano ya kwanza, Januari 23, alichomwa tena. Safari hii ilikuwa dawa iliyosafishwa na Collip. Sukari yake ikashuka kutoka 520 hadi 120 ndani ya siku moja. Mvulana akapata nguvu, akaanza kuchangamka. Aliishi miaka 13 mingine.

Kongosho ni lile lile na mgonjwa ni yule yule. Kilichobadilika ni usafi wa dawa, nguvu yake, na kipimo.

Dawa iliyohitaji mizani

Collip aliona jambo lingine kwa sungura wa majaribio. Wakipewa dawa nyingi sukari ilishuka kupita kiasi, wakapata degedege. Wakipewa glukosi, wakaamka. Kwa hiyo hatari ya insulini na tiba ya hatari hiyo vilijulikana tangu mwanzo.

Hapo ndipo ilipotoka yuniti. Nguvu ya dawa ilitofautiana kati ya chupa na chupa, hivyo mililita pekee hazikutosha kuipima. Wakaipima kwa kazi yake: ni kiasi gani kinashusha sukari ya sungura mwenye njaa hadi kiwango fulani. Ndiyo maana hadi leo insulini inahesabiwa kwa yuniti.

Kwa nesi wa leo hiyo si historia tu. Insulini nyingi zina yuniti 100 kwenye kila mililita 1, kwa hiyo kosa dogo la mkono ni kosa kubwa kwa mgonjwa. Tumia bomba la insulini lenyewe, usikadirie kwa bomba la kawaida. Usifupishe neno yuniti kwa herufi U, maana 10U iliyoandikwa haraka inasomeka 100.

Kabla ya kuchoma, pima sukari, hakikisha ni aina gani ya insulini, na uliza kama chakula kipo. Ile yenye ukungu haiingizwi kwenye mshipa kamwe.

Baada ya kuchoma, mwangalie mgonjwa. Akitetemeka, akitoka jasho au akianza kuongea vitu visivyoeleweka, pima sukari upesi. Ikiwa chini ya 70 (au 3.9 kwa mashine za milimoli) na anaweza kumeza, mpe gramu 15 za sukari ya haraka, kisha rudia kipimo baada ya dakika 15. Akiwa hana fahamu usimpe kitu mdomoni. Ita msaada, apewe glukosi kwenye mshipa.

Dola moja

Mwaka 1923 Banting na Macleod walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Hajatokea mshindi wa tuzo hiyo mdogo kuliko Banting. Alikasirika kwamba Best aliachwa, akamgawia nusu ya fedha zake. Macleod naye akagawana na Collip.

Mwaka huo huo haki za uvumbuzi zilikabidhiwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kwa kila mvumbuzi. Hawakutaka dawa hii iwe ya mtu mmoja.

Banting alifariki Februari 21, 1941, akiwa na miaka 49, baada ya ndege iliyokuwa ikimpeleka Uingereza kuanguka Newfoundland. Siku yake ya kuzaliwa, Novemba 14, ndiyo Siku ya Kisukari Duniani.

Leonard alihitaji timu nzima na siku 12 ili apate dozi sahihi. Mgonjwa wa zamu yako ya usiku, aliyelala kitanda cha mwisho, anakutegemea wewe uisome sindano vizuri kabla hujaichoma.