Maria Montessori: Futi Kamba na Ubao Wenye Matundu

Jina la Maria Montessori si geni kwa mwalimu mwanafunzi. Hulikuta katika somo la historia ya elimu, na mara nyingi huliona limeandikwa juu ya lango la shule ya awali. Lakini jina likizoeleka sana, mwenye jina husahaulika. Katika kurasa hizi tungependa kuyaeleza maisha yake kwa upande ambao vitabu vya chuo huugusa juu juu tu, yaani ugomvi wake na wataalamu waliodai kuwa maumbile ya mwanamke hayakubali sayansi wala ufundi. Ugomvi huo ulidumu miaka mingi, na kwa maoni yetu ndio unaotusaidia kuvielewa vifaa alivyovichagua kwa ajili ya darasa lake.

Alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 katika mji mdogo wa Chiaravalle, nchini Italia. Baba yake, Alessandro, alikuwa mtumishi wa serikali. Mama yake, Renilde, alikuwa mpenzi wa vitabu. Mwaka 1875 jamaa hiyo ilihamia Rome, na mwaka 1883 Maria aliingia shule ya sekondari ya ufundi, ambayo kwa desturi ya siku zile ilikuwa mahali pa wavulana. Alizipenda hesabu, akakusudia kuwa mhandisi. Wazazi walimshauri awe mwalimu, kwa kuwa ualimu ndio kazi iliyohesabiwa kumstahili msichana mwenye elimu. Alikataa katakata. Hapo msomaji wetu ana ruhusa ya kutabasamu, kwani binti huyo aliyeukimbia ualimu ndiye ambaye vyuo vya ualimu vya dunia nzima vinamsoma hadi leo.

Baadaye aliuacha uhandisi akaielekea tiba. Aliingia Chuo Kikuu cha Rome mwaka 1890, akapata stashahada ya sayansi asilia mwaka 1892, ndipo akaanza masomo ya udaktari yenyewe. Ilionekana ni fedheha mwanamke kuukabili mwili ulio uchi mbele ya wanaume, kwa hiyo kazi ya kupasua maiti aliifanya peke yake, wenzake walipokwisha kuondoka. Alihitimu tarehe 10 Julai 1896. Wapo wanaoandika kuwa alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa daktari nchini Italia. Hilo si kweli. Wachache walimtangulia, na sifa zake hazihitaji kuongezewa chumvi.

Ili kuielewa hoja aliyopambana nayo, yafaa kukumbuka kwamba karne ya 19 ilikuwa karne ya kupima vichwa. Huko Paris, Paul Broca alikuwa amepima uzito wa bongo za maiti, akaona kwamba kwa wastani ubongo wa mwanamke ni mwepesi kuliko wa mwanamume. Kutoka hapo akavuka hadi kwenye akili. Nchini Italia kwenyewe, Cesare Lombroso alikuwa mtu wa sauti kubwa, na mwaka 1893, Maria angali mwanafunzi wa tiba, Lombroso alitoa pamoja na Guglielmo Ferrero kitabu kilichomweka mwanamke chini ya mwanamume katika ngazi ya maumbile. Hoja za namna hii zilipendwa kwa sababu zilikuwa na tarakimu. Mtu akipinga alionyeshwa mizani. Mfaransa mwingine, Léonce Manouvrier, ndiye aliyeionyesha kasoro iliyokuwa wazi: mwili mdogo una ubongo mdogo, na ukilinganisha ubongo na ukubwa wa mwili, ile tofauti iliyotangazwa kwa kishindo huyeyuka, pengine hata humwelemea mwanamke kidogo kwa upande wa faida.

Baada ya kuhitimu, Montessori alifanya kazi katika kliniki ya magonjwa ya akili, akawakuta watoto wenye ulemavu wa akili wamefungiwa pamoja na watu wazima bila kitu cha kushika mikononi. Alirudi vitabuni, kwa Itard na Séguin, madaktari wa Ufaransa waliowafundisha watoto wa namna hiyo kwa vifaa vya kugusa na kupanga. Mwaka 1900 akawa mmoja wa wakurugenzi wawili wa shule ya kuwaandaa walimu wa watoto hao. Mwenzake alikuwa daktari Giuseppe Montesano. Kwa Montesano alikuwa amezaa mwana, Mario, mwaka 1898, nje ya ndoa. Mtoto alipelekwa kulelewa kijijini. Baba hakupoteza kazi. Mama, lau habari ingejulikana, angepoteza yote. Tunalitaja jambo hili kwa ufupi, lakini tusingeweza kulinyamazia tukijidai kwamba tunaeleza maisha ya mwanamke huyu.

Kuanzia mwaka 1899 alifundisha katika chuo cha ualimu cha wanawake mjini Rome, na baadaye chuo kikuu akitoa mihadhara ya anthropolojia kwa walimu. Hapa ndipo hadithi inapokuwa ngumu, na wasifu wa kupamba huliruka jambo hili. Mtu angetazamia kwamba mwanamke aliyeonewa na futi kamba angeitupa futi kamba. Hakufanya hivyo. Yeye pia alipima vichwa vya watoto wa shule na kuvihusisha na maendeleo yao masomoni, na mengi ya Lombroso aliyakubali. Alichokikataa ni hukumu juu ya wanawake peke yake. Aliichukua kazi ya Manouvrier akaipeleka mbali kuliko mwenyewe alivyothubutu: wanawake, kwa maoni yake, wanawazidi wanaume kwa akili, wanaume wametawala kwa nguvu za mwili tu, na kwa kuwa mashine sasa zinaifanya kazi ya misuli, zamu ya wanawake inakaribia. Maneno hayo yaliwafurahisha wengi waliochoka kudharauliwa, nasi hatushangai. Hata hivyo huo ni mchezo ule ule, mshindi tu ndiye aliyebadilishwa. Wastani wa kundi, hata ukipimwa kwa uangalifu namna gani, haumwambii mwalimu chochote juu ya Asha au Juma aliyekaa mbele yake asubuhi ya leo.

Ingawa hivyo, katika uchunguzi wake wa mwaka 1904 kuhusu wanafunzi wa Rome, mlikuwa na mlango wa kutokea. Alitazama hali za jamaa zao, akaona kwamba umaskini na upungufu wa chakula vina sehemu kubwa katika kile ambacho walimu walikiita upungufu wa akili.

Tarehe 6 Januari 1907 ilifunguliwa Nyumba ya Watoto ya kwanza, katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo. Kampuni iliyokuwa imeyakarabati majumba ya kupanga ilitaka watoto wadogo wasiokwenda shule wawe na mtu wa kuwaangalia, wasiharibu kuta na ngazi wakati wazazi wako kazini. Waliletwa watoto 50 hivi, wavulana kwa wasichana. Montessori aliwaletea vifaa alivyokuwa amevikuza kutokana na vya Séguin. Tuchukue kimoja. Ni ubao mnene wenye matundu 10, na kila tundu lina kipande chake cha mbao cha mviringo chenye kishikio juu. Mtoto huvitoa vyote, huvichanganya, kisha huvirudisha. Akikosea, mwishoni hubaki kipande kisichoingia katika tundu lililobaki. Hakuna aliyemwambia kuwa amekosea. Ubao umemwambia, naye hurudia mwenyewe hadi vyote vikae.

Tunaomba mwalimu mwanafunzi akiangalie kifaa hicho kwa makini, kisha aikumbuke futi kamba. Futi kamba ilipelekwa kwa mtoto ili mtu mzima apate jibu juu ya aina ya watoto. Ubao ule unampa jibu mtoto mwenyewe, na jibu lenyewe linahusu kazi aliyoifanya dakika ile. Haujui kama mkono ulioshika kipande ni wa mvulana au wa msichana. Hali kadhalika kazi za nyumbani alizoziingiza darasani: kufagia, kunawa, kufunga vifungo, kuandaa meza na kugawa chakula. Zilikuwa za wote.

Wafadhili walileta pia midoli na vitu vya kuchezea vya bei kubwa. Kwa mujibu wa maelezo yake, watoto hawakuvichagua, akaviondoa. Siku moja mwalimu alisahau kufunga kabati, watoto wakajitolea vifaa wenyewe. Tangu hapo makabati yakawa mafupi, wazi, yaliyo kimo cha mtoto. Kuhusu herufi, alitaka zitengenezwe za mbao, nzuri za kupakwa rangi, kama alizokuwa nazo zamani, lakini hakufanikiwa kuzipata. Akakata herufi za karatasi na za msasa. Kisha akatambua kwamba seti moja ya fahari ingetumiwa na mtoto mmoja kwa wakati mmoja, wakati zile za bei rahisi zilikuwa nyingi, zikawatosha wengi. Tunafikiri tukio hili lingesomwa kwa sauti kila inapokutana kamati ya shule kujadili ununuzi wa kompyuta. Kifaa kimoja kikitolewa kwa darasa kubwa, hushikwa na wenye viwiko vyenye nguvu. Wengine husimama nyuma wakitazama, na baada ya muhula mmoja hutangazwa kwamba wasichana hawapendi mashine.

Kitabu chake juu ya mbinu hiyo kilitoka mwaka 1909, na kabla ya miaka mitano kupita jina lake lilikuwa limevuka bahari. Mwaka 1915 darasa la Montessori lenye kuta za kioo lilionyeshwa San Francisco. Wapinzani nao hawakukosekana. William Heard Kilpatrick wa Marekani aliandika mwaka 1914 kwamba vifaa vile vinabana mno, havimwachii mtoto nafasi ya kubuni wala ya kushirikiana na wenzake. Hoja hiyo ina uzito. Ubao wa matundu 10 una jibu moja tu, na mwalimu anayeuabudu anaweza kuwafunga watoto sawasawa na madawati yale ya zamani yaliyopigiliwa sakafuni. Montessori mwenyewe hakuupokea ukosoaji kwa moyo mwepesi. Alivilinda vifaa na mafunzo yake kwa ukali.

Serikali ya Mussolini ilimkumbatia kwa miaka kadhaa, jambo ambalo halikumletea heshima, kisha urafiki ukavunjika na shule zake nchini Italia zikafungwa. Mwaka 1939 alikwenda India pamoja na Mario, ambaye sasa alikuwa msaidizi wake mkuu. Italia ilipoingia vitani mwaka 1940, Waingereza walimweka Mario kizuizini, wakamwachia siku mama yake alipotimiza miaka 70. Vita vikamweka huko hadi mwaka 1946, akifundisha walimu.

Alifariki tarehe 6 Mei 1952 huko Noordwijk aan Zee, Uholanzi. Mwaka 1990 Italia ilitoa noti ya lira 1,000 yenye picha yake upande mmoja, na upande wa pili watoto wakisoma. Ilikuwa noti ndogo kuliko zote, ya kununulia vitu vidogo vidogo, nayo ilipita katika mikono ya watu wote hadi lira ilipoondolewa mwaka 2002.