Buckminster Fuller na Miti Isiyogusana

Wanafunzi wenzangu, mara hii tumechagua maisha ya Richard Buckminster Fuller, Mmarekani anayejulikana sana juu ya majengo mepesi. Alizaliwa tarehe 12 Julai 1895 kule Milton, jimbo la Massachusetts. Msizani alikuwa mwanafunzi wa mfano. Iniversite ya Harvard ilimfukuza mara mbili, na diplome yake hakuipata. (Wale wa darasa la nyuma wasifurahi haraka, habari haijaisha.)

Mwaka 1917 aliingia katika jeshi la majini na akamwoa Anne Hewlett. Mtoto wao wa kwanza, Alexandra, alizaliwa 1918, akaugua, akafa 1922, mbele ya kutimiza miaka mine. Fuller alifanya kazi ya ujenzi pamoja na baba mkwe wake, lakini mwaka 1927 akapoteza kazi ile. Mwaka uleule mtoto wa pili, Allegra, akazaliwa, na feza nyumbani hakuna. Yeye mwenyewe alisimulia nyuma ya miaka mingi kwamba alisimama kando ya ziwa Michigan, kule Chicago, akiwaza kujitupa ndani ya maji. Hakujitupa. Alirudi kwa mke wake na akaanza kutafuta namna watu wanavyoweza kujenga nyumba kwa vitu kidogo na feza kidogo. Miaka mingi watu walimcheka.

Wazo lake lilikuwa hili. Siye tunajenga kwa kubebesha: tofali juu ya tofali, na la chini linachoka kwa uzito wa yote. Lakini angalieni gurudumu la kinga, ni kusema baiskeli. Vile vyuma vyembamba vya ndani ni zaifu, ukivisukuma vinapinda. Lakini vimekazwa mbele, vinavuta kila upande, na gurudumu linabeba mtu na gunia la samaki kutoka ziwani mpaka sokoni. Fuller aliona kama kuvuta kunahitaji chuma kidogo kuliko kusukuma, basi akauliza kama nyumba nzima inaweza kushikwa hivyo.

Katika kiangazi cha 1948 alialikwa kufundisha kwenye Black Mountain College, jimbo la North Carolina. Alijaribu kusimamisha paa kubwa la mviringo kwa vipande vya pazia za madirisha. Halikusimama. Kati ya wanafunzi wake alikuwako kijana wa miaka 21, Kenneth Snelson. Kijana huyu alirudi kwao Oregon, na ndani ya nyumba ya wazazi wake akaanza kufunga vipande vya mbao kwa kamba. Akapata kitu cha ajabu: vipande viwili vyenye umbo la X, kimoja kinaelea juu ya kingine bila kukigusa, kamba tu zinakishika. Kiangazi cha 1949 akamwonyesha mwalimu wake. Fuller aliangalia sana, kisha akakiomba kibaki kwake, na kijana akakiacha.

Ninyi pia mnaweza kufanya ya namna hiyo, ile nyepesi kuliko zote. Kateni matete matatu makavu ya sentimetre 30, mtie alama ya kushika kamba kwenye kila ncha. Tafuteni kamba ya nyavu isiyonyooka. Kamba tatu za sentimetre 15 zinaunganisha ncha za juu kuwa pembetatu, tatu zingine za 15 zinaunganisha za chini. Zinabaki tatu za sentimetre 25: kila moja inatoka ncha ya juu ya tete moja mpaka ncha ya chini ya tete la jirani, zote kuzunguka upande mmoja. Vipimo hivi ni kutoka fundo mpaka fundo. Mwisho wa kukaza ni mgumu kidogo, kisha kitu chote kinajizungusha na kusimama chenyewe. Matete hayagusani hata fasi moja. Ukikata kamba moja tu, yote yanaanguka.

Fuller alipenda kitu kile sana, akakipa jina: tensegriti, akiunganisha maneno mawili ya Kiingereza, la mvuto na la uzima wa kitu. Alilitangaza katika masomo yake kila fasi, lakini miaka ilipita bila kutaja jina la Snelson. Mwaka 1959, jumba la sanaa la kisasa la New York lilipoonyesha kazi za Fuller, ndipo jina la mwanafunzi likawekwa karibu na kazi yake mbele ya watu. Hata hivyo Fuller alipata cheti cha serikali cha uvumbuzi mwaka 1962, na Snelson akapata chake 1965. Wengine wanasema bila mafundisho ya mwalimu kijana asingefika pale. Ni kweli. Mimi naona jina ni la Fuller na kitu ni cha Snelson, na mwalimu alikuwa na deni. Tena mwaka 1921 Karl Ioganson alikuwa ameonyesha kule Moscow kazi za miti na kamba zenye kukaribia hizo.

Fuller alipata heshima nyingi. Tufe lake la Montréal, la mwaka 1967, lina upana wa metre 76. Moto wa 1976 uliunguza ngozi yake ya plastiki, lakini vyuma vilibaki vimesimama.

Tarehe 1 Julai 1983 alikuwa hospitalini Los Angeles kando ya kitanda cha Anne, ambaye hakuwa na fahamu. Moyo wake ukasimama palepale, akiwa na miaka 87. Anne alimfuata karibu saa 36 nyuma yake. Snelson alikufa 2016. Mnara wake wa 1968, wa metre 18, wa mabomba na nyaya, ungali Washington. Ukisimama chini yake na kuangalia juu, mabomba yanaonekana kama nyota.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho