PROFESA LUIGI BROGLIO NA ORODHA YA UHURU

Muhula huu mwalimu wetu wa Fizikia aliniagiza nitayarishe somo la kwanza juu ya darubini za anga za juu, kwa ajili ya wenzetu wa Kidato cha Kwanza. Picha za Hubble wengi wamekwisha kuziona. Basi mimi nikachagua kitu kisichojulikana sana, yaani orodha iliyotokana na darubini iliyorushwa katika Afrika ya Mashariki yetu. Aliyesimamia urushaji huo ni Profesa Luigi Broglio.

Alizaliwa Mestre, karibu na Venice, nchini Italia, tarehe 11 Novemba, 1911. Alisoma uhandisi, akawa ofisa wa jeshi la anga na profesa katika Roma. Alijua kuwa mzunguko wa dunia huisaidia sana roketi inayorushwa penye ikweta, ndipo akachagua bahari ya Kenya, karibu na Malindi. Hakungoja vyombo vipya, maana jukwaa lake la Santa Rita lilikuwa limetumika kuchimbia mafuta. Wala hakuanza na makubwa. Mwaka 1964 watu wake walirusha roketi ndogo hapo. Desemba ya mwaka ule wakarusha setilaiti San Marco 1 huko Marekani. Na tarehe 26 Aprili, 1967, San Marco 2 ikapaa kutoka baharini.

Tarehe 12 Desemba, 1970, Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, walirusha setilaiti ya Wamarekani, nayo ikaitwa Uhuru. Kazi yake ilikuwa kutafuta eksirei zitokazo mbinguni, ambazo hewa huzizuia zisitufikie. Ilifanya kazi mpaka Machi 1973. Orodha yake ya nne, ya mwaka 1978, ina vyanzo 339.

Humo niliona jina 4U 1956+35, nikaandika katika somo langu kuwa kitu hicho kiligunduliwa mwaka 1956. Usiku nikashtuka: yawezekanaje, na Uhuru ilirushwa 1970? Kumbe jina lile ni anwani! 4U ni orodha ya nne ya Uhuru. 1956 ni saa 19 na dakika 56, kwa kuwa anga hugawanywa katika saa 24. Na +35 ni digrii 35 kaskazini ya ikweta ya anga. Hapo ndipo ilipo Cygnus X-1, yenye shimo jeusi.

Kwa aibu nilifuta somo zima, nikapanga upya kwa hatua kama Profesa: kwanza jina moja na ramani ya anga, kisha majina matano, mwisho orodha nzima, ambayo NASA huitoa bure. Na kosa langu nimeliweka mwanzoni, ili mwanafunzi asilirudie.

Profesa Broglio alifariki Januari 2001, na kituo cha Malindi sasa kina jina lake. Ndugu zangu wa Mwanga, tusidhani mambo haya ni ya mbali. Katika miaka ile Uhuru ilipita katika anga ya ziwa letu mara nyingi kila siku.