Fumo Bakari Hakupata Wakili
Fumo Bakari, Sultani wa Witu, alitoka katika ukoo wa Wanabahani waliotawala Pate. Septemba 1890, Mjerumani Andreas Küntzel alimpiga risasi mlinzi wa lango la mji huo; yeye na wenzake wakauawa. Oktoba, majeshi ya Uingereza yakauteketeza Witu. Sultani akafariki Januari 1891, pasipo kusimama mbele ya hakimu wala kutetewa na wakili.

Leo Katiba ya Kenya ya 2010 humhakikishia mwanajeshi wakili mahakamani. Hata hivyo, Ibara ya 24 yaruhusu sheria kupunguza haki zake anapokamatwa, kesi ingali kuanza. Hapo ndipo mlinzi wa lango, Lamu au kwingineko, anapomhitaji mtetezi zaidi.