Frantz Fanon na Ugonjwa Uliomkatizia Safari

Wasomaji wetu wengi wamelisikia jina la Frantz Fanon kwa sababu ya kitabu chake kilichofasiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa. Leo twapenda kukumbusha maisha yake, na hasa maradhi yaliyomwua, ambayo huguswa kwa nadra.

Fanon alizaliwa mwaka 1925 katika kisiwa cha Martinique, koloni la Ufaransa. Alipigana vita vya pili vya dunia upande wa Wafaransa huru, akajeruhiwa, kisha akasomea udaktari mjini Lyon. Mwaka 1953 alipelekwa Algeria kuwa mkuu wa idara katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Blida. Mwaka uliofuata vita vya ukombozi vilianza, na mbele yake wakawa wanaletwa walioteswa pamoja na wale waliowatesa. Mwishoni mwa mwaka 1956 alijiuzulu, akafukuzwa nchini, akaenda Tunis kuwatumikia wapigania uhuru.

Mwaka 1960 serikali ya muda ya Algeria ilimfanya balozi wake mjini Accra. Mwishoni mwa mwaka huo alisafiri Mali hadi ukingoni mwa jangwa, akitafuta njia ya kupitisha silaha kutoka kusini. Alirudi amechoka kupita kiasi. Damu yake ilipopimwa, ikaonekana ana lukemia, yaani saratani ya damu.

Tueleze ugonjwa huo, maana ni wa ajabu. Damu ya mtu huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa. Chembe mama hugawanyika, na watoto wake hukomaa na kushika kazi zao: nyekundu hubeba hewa, nyeupe hupigana na maradhi, nyingine hugandisha damu penye jeraha. Yote haya huenda kwa amri. Protini maalumu huigusa chembe kwa nje, nayo ndipo inapogawanyika. Amri ikikoma, hutulia. Chembe iliyoharibika huamriwa kufa. Katika lukemia, kasoro huingia katika jeni za chembe moja, nayo ikaacha kungoja amri. Huzaa isipotakiwa, na wakati wa kufa hukataa kufa. Katika aina zilizo kali, watoto wake hawakomai kabisa. Basi huujaza uboho hadi chembe njema zikose mahali, na mgonjwa hupungukiwa damu, hutokwa na damu ovyo, na hushindwa na vijidudu ambavyo mtu mzima wa afya asingevihofu.

Lukemia ina aina nyingi. Mwaka ule ule wa 1960, Peter Nowell na David Hungerford wa mji wa Philadelphia walitangaza kwamba katika aina moja iendayo polepole wameona kromosomu iliyo fupi kuliko kawaida. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago alionyesha kwamba kromosomu ya 9 na ya 22 hubadilishana vipande. Palipoungwa huzaliwa protini inayoiamuru chembe igawanyike usiku na mchana, pasipo amri yoyote ya nje. Dawa ya kuizuia protini hiyo, imatinibu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2001.

Fanon hakuwa na miaka arobaini ya kungoja. Dawa za wakati wake ziliua chembe mbovu na njema pamoja. Alitibiwa Urusi ya Kisovieti, akapata nafuu, na katika nafuu hiyo fupi ya mwaka 1961 akakitunga kitabu chake, sehemu kubwa kwa kumtajia mwandishi. Kwa maoni yetu, haraka ile inaonekana katika kila ukurasa.

Ugonjwa ulirudi. Mwezi Oktoba alipelekwa Marekani, nchi ambayo hakuipenda, akalazwa Bethesda katika jimbo la Maryland kwa jina la Ibrahim Fanon. Alifariki tarehe 6 Desemba 1961, akiwa na umri wa miaka 36, siku chache baada ya kitabu kutoka. Maiti yake ilirudishwa Tunis, na wapiganaji wakaivusha mpaka wakaizika katika ardhi ya Algeria. Nchi hiyo ilipata uhuru wake mwezi Julai 1962.